Maua ya Maboga Sebuleni kwa Shemeji

Maua dume ya maboga huchumwa mapema, kabla jua halijayafumba. Ya kike huachwa, kwa kuwa yamekwisha kubeba boga. Jumatatu hiyo mjane alichuma sita, akaufuata mmea hadi ulipopenya chini ya nyumba mpya ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Akazunguka hadi mlango wa jikoni, akabisha hodi.

Mmea ulikuwa umeitoboa saruji ya sebule, ukanyooka kama uzi wa mwashi kutoka kwenye televisheni hadi dirishani, wote umechanua. Hapo ndipo mpaka wa viwanja vyao ulipokuwa kabla jiwe lake halijahama, wiki moja baada ya mazishi. Jiko na nusu ya sebule vilikuwa upande wa mjane.

“Inua mguu, shemeji.”

Shemeji akauinua bila kuweka chini kikombe cha chai. “Ya kike usiyaguse. Maboga ni yangu, yamezaliwa kwangu.”

“Kuku akitagia kwa jirani, jirani hawi jogoo.”

Mke wa shemeji akacheka jikoni, kisha akajikoholesha.

Alhamisi angekuja mpima ardhi, na neno lake ndilo lingeamua kama mjane atarudishiwa nusu ya bustani yake. Tangu hapo mjane hakutulia. Alifagia palipokwisha kufagiwa, akasugua sufuria safi, akatoka mara kumi kulitazama lile jiwe, kana kwamba lingeona haya na kurudi.

Alhamisi mpima aliutandaza utepe wake kando ya maua, akiyaruka kwa adabu. Kisha akaketi kwa mjane, naye mjane akatoa vijiti vya chavua, akakung'uta sisimizi, akayakaanga maua kwa vitunguu na nyanya. Aliyageuza mno, mawili yakararuka.

Mpima alikula sahani mbili.

“Mama, mkono wako haukosei.”

“Na mpaka?”

“Maua yamenyooka kuliko utepe wangu.” Akalamba kidole. “Lakini sisi hupima kuanzia kwenye jiwe, mama. Na jiwe liko pale.”

Nyumba ikabaki ilipo. Mmea nao haukuacha kuchanua. Kila alfajiri mjane huchukua ungo wake, huzunguka hadi mlango wa jikoni, hubisha hodi, kisha husimama juu ya udongo wake mwenyewe akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, akingoja kuambiwa karibu.