Mistari Iliyolala

Jumanne asubuhi Nthati Lebusa alikuwa sebuleni kwake Maseru, Lesotho, akifungasha mablanketi ya wateja wa mtandaoni, huku mboga zikichemka jikoni, mlango ulipogongwa chini kabisa, karibu na kizingiti. Akafungua, akatazama mbele, hakuona mtu. Alipoinamisha macho akamwona bibi wa miaka sabini na moja, mwenye kimo cha mtoto wa miaka minne, amejitanda blanketi linaloburuza.

Bibi akajitaja: Mme, yaani Mama, Mapuseletso, mjane, wa Mokhotlong milimani, aliyeagiza kwa simu mwezi wa tano. Nthati akamkaribisha ndani na kumwinua kwenye kiti, kwa kuwa peke yake asingekifikia. Njiani, bibi alieleza, kondakta alimtoza nusu nauli, na hiyo ndiyo faida pekee aliyoipata mwaka huu.

Kila Msotho anajua, hata aliyezaliwa jana: mistari ya blanketi husimama, kutoka mabegani kushuka miguuni, ili mvaaji akue, yeye na vyake vyote. Ikilala, mtu hushuka kimo. Mablanketi haya ya Nthati kiwanda kiliyafuma kombo. Ukiisimamisha mistari, blanketi linaishia magotini.

"Na baridi ya kwetu haina adabu, mwanangu," alisema Mme Mapuseletso. "Nikailaza mistari. Kufika mwezi wa saba siufikii mtungi."

Nthati akajibu kama alivyozoea kuwajibu wateja wote: kwenye ukurasa wake imeandikwa kilichouzwa kimeuzwa, na kosa ni la kiwanda. Mbele ya bibi akampigia simu Ntate Rantšo, mzee mwenye ghala anakoyachukua mablanketi. Ntate Rantšo akasema yeye hamjui mnunuzi, anamjua muuzaji tu, kisha akakata.

Hapo Nthati akaona haya mpaka masikio yakawaka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hili blanketi alilitembeza yeye, kwenye simu za nchi nzima. Mistari aliiona tangu siku ya kwanza. Alilitandika kitandani, akalipiga picha, kisha akaigeuza picha ubavu, mistari ikasimama wima kama askari. Kazi ya kidole kimoja.

Akamwambia bibi yote hayo bila kuficha. Akamwahidi kumrudishia pesa yake na kumpa blanketi jingine, zuri, la dukani.

"Pesa nitapokea," alisema bibi. "Na kimo?"

Nthati akampakulia ugali na mboga, akamkatia matonge madogo madogo. Bibi akala taratibu, akaeleza kilichomleta. Ghala la Ntate Rantšo bado limejaa, na wauzaji wa kwenye simu hawana idadi. Binti wa jirani yake amejifungua juzi, na mtoto huyo keshaagiziwa blanketi lake, kwa Nthati huyu huyu. Mzee akishuka, alikwishawahi kuwa juu. Mtoto mchanga ataanzia wapi kushuka? Bibi alitaka lalamiko liandikwe serikalini, ghala lifungwe kabla ya theluji nyingine.

Nthati akalifuta agizo la jirani papo hapo, kisha wakatoka kwenda ofisi ya malalamiko. Hatua za bibi zilikuwa fupi mno kwa barabara za mjini, basi Nthati akachuchumaa, akambeba mgongoni, akamfunga kwa blanketi lile lile. Alikuwa mwepesi. Wapita njia wakasema mtoto mzuri, wakaona mvi, wakamwamkia.

Ofisini, bango kubwa ukutani lilisema muuzaji ndiye anayewajibika kwa bidhaa mbovu, hata akiuza kwa simu, na mteja asizungushwe. Nthati akalisoma mara mbili. Karani akauliza mlalamikaji yuko wapi.

"Nimembeba."

"Mlalamikiwa?"

"Ni mimi."

Karani akaandika. Kisha akaomba mlalamikaji asimame sakafuni mbele ya kaunta. Nthati akamshusha. Karani akatazama mbele kama kawaida yake, akasema hamwoni mtu. Kanuni iko wazi: asiyeonekana juu ya kaunta ni mtoto, na mtoto husemewa na mlezi, na mlezi hawezi kuwa ndiye mlalamikiwa. Bibi akanyoosha kitambulisho juu. Karani akakipokea, akakisoma, akakubali kwamba ni halali. Kaunta pia ni halali, akasema, bila ukali wowote. Wiki hii peke yake amewarudisha saba.

Nthati akasema basi yeye anakiri, aandikwe, na Ntate Rantšo aitwe. Karani akamjibu kwa upole kwamba fomu ya kukiri haipo, iliyopo ni ya kulalamika. Akagonga muhuri: mlalamikaji hakuonekana.

Nthati akambeba tena. Moyo ulimuuma, na hakujua amwombe nani msamaha kwanza. Langoni wakapishana na mwanamke anayeingia na baba yake mgongoni, wakasalimiana. Barabarani lori la Ntate Rantšo lilikuwa likielekea milimani, limejaa.

Mme Mapuseletso alikuwa ameegemeza shavu, usingizi unamchukua. "Amesemaje yule?"

"Amesema turudi ukikua, Mme."

Bibi akacheka kidogo, akamshika bega.

"Basi usinishushe."