Nyuzi za Alumini

Mjomba alipenda alumini ing'ae. Akishika kipande kilichotoka kwenye mashine ya kukereza, alijitazama humo na kuchekelea meno yote nje. Ptuu! Miaka yote niliyofanya kazi kwenye karakana yake, kichefuchefu hakikuniisha.

"Kisu kiende taratibu, kilambe tu," alitusisitizia. "Mteja anataka mng'ao."

Sasa alumini laini ukiilamba haikatiki. Inatoka uzi mrefu, mwembamba, wenye makali ya wembe, unajiviringisha kwenye kipande kinachozunguka mpaka mashine inafanana na kiota. Ongeza mwendo wa kisu, zamisha kidogo zaidi, na maranda yanajikunja, yanavunjika yenyewe, yanadondoka kwenye trei kama punje. Nilimwambia. Nikamwonyesha. Alipitisha kidole kwenye kipande changu, akakunja uso.

"Kinaparuza. Mpwa wangu, una haraka ya kwenda wapi?"

Badala ya kubadilisha ukataji, akatuletea glavu nene za kitambaa, eti tuvute nyuzi kwa mkono huku mashine inazunguka. Jamani, huo si wazimu?

"Mjomba, uzi ukinasa glavu unaondoka na mkono."

"Mwoga we! Mwanangu mwenyewe anavaa."

"Kwa mwoga huenda kicheko," nikamjibu, nikaitupa yangu jalalani.

Kweli binamu alivaa. Hakuwahi kumbishia baba yake, hata kwenye upuuzi, na hilo nalo lilikuwa likinichefua.

Asubuhi moja nikasikia ukelele wake. Niliruka nikabonyeza swichi nyekundu. Glavu ilikuwa imesokotwa pamoja na nyuzi, na vidole vyake viwili vimebaki ndani. Nikavua fulana yangu nikamfunga mkono, huku nikipiga kelele tuletewe gari.

Mjomba akaja mbio. Nikadhani anamkimbilia mwanawe. Wapi! Alikwenda kwenye mashine, akakata nyuzi kwa koleo, akafungua kipande, akakifuta damu kwa tambara na kukigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Afadhali," akasema. "Hakijaharibika."

Binamu alikuwa ameketi sakafuni, midomo imempauka.

"Baba," akasema polepole, "vidole vyangu vimo kwenye glavu."

"Nimeviona," mjomba akajibu bila kugeuka, bado anasugua.

Nilishindwa kujizuia. Nikatapika palepale, juu ya viatu vya mjomba.