Alama Nyekundu ya Ardith

Lyle Kucera na mimi tulikuwa chanda na pete kwa miaka thelathini na moja, na hilo neno "tulikuwa" nimeliweka kwa makusudi. Kila mmoja wetu ana gari aina ya Buick la mwaka 1953, lake la kijani, langu la bluu. Katika kaunti yetu yote ya huku Nebraska hakuna la tatu. Kwa hiyo ufunguo wangu wa akiba ulikaa kwake, na wake ukakaa kwangu, ukining'inia jikoni kando ya kalenda.

Mwezi wa Novemba moyo wangu ulinigomea. Binti yangu Rhonda akanichukua Omaha, nikakaa kwake miezi sita nikilishwa supu isiyo na chumvi. Lyle alinipigia simu kila Jumapili saa nane.

"Gari lako naliwasha kila wiki, Verlon. Linakoroma kama paka aliyeshiba."

"Usiguse kabureta yangu."

"Nani aguse takataka zako, mzee?"

Nilikuwa nacheka mpaka Rhonda ananigombeza. Kumbe nimemwachia fisi bucha.

Niliporudi mwezi wa Mei sikuingia ndani kwanza. Nilikwenda bandani moja kwa moja, begi likiwa mkononi, kwa sababu nilichokuwa nimekitamani miezi yote ile ni injini, silinda nane zilizojipanga mstari mmoja, na kitu kimoja kilichokuwa ndani yake.

Nieleze. Ukitaka kuseti taimingi ya gari lile, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, unamulika taa inayowaka na kuzima kwenye kitundu kidogo nyuma ya injini. Humo ndani kuna gurudumu zito linalozunguka, na juu yake alama ndogo iliyogongwa kiwandani. Alama yangu ilikuwa imeliwa na kutu. Siku moja mimi na Lyle tulihangaika nayo asubuhi nzima, mpaka mke wangu Ardith akatoka jikoni.

"Wanaume wawili wazima mmeshindwa kuona kialama tu?"

Akarudi na rangi yake ya kucha. Mimi nikazungusha injini kwa mkono, Lyle akashika tochi, Ardith akainama na kudondosha tone moja jekundu.

"Haya. Sasa hata Lyle ataiona."

Ardith alifariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo, kila masika kabla ya safari ya kwanza, nawasha taa ile na kuchungulia kitunduni. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Sijamwambia mtu, lakini nilikuwa namsalimia.

Basi nikawasha gari. Likakohoa, likatoa moshi wa bluu ukajaa banda. Nikachukua taa, nikachungulia. Hakuna nyekundu. Nikasoma namba iliyogongwa kwenye injini, nikailinganisha na karatasi zangu za usajili. Haikuwa yangu. Nikakaa juu ya ndoo.

Nililiendesha hivyo hivyo maili nne hadi kwa Lyle, moshi ukinifuata njia nzima. Nilimkuta karakanani akipangusa boneti la gari lake. Aliuona moshi kabla ya kuniona mimi.

"Hukusema kama unarudi," alisema.

"Injini iliyo humu ni ya nani, Lyle?"

Alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua.

"Yangu ilikuwa imekwisha ringi za pistoni, na maonyesho ya magari ya zamani ni Juni. Rhonda aliniambia daktari kakupa wiki mbili. Nilidhani hurudi, bwana. Watoto wako wangeuza gari lako kwa mtu asiyejua hata kubadilisha plagi."

"Ulinipigia simu kila Jumapili."

"Ndiyo."

"Ukaniambia linakoroma kama paka."

"Lilikuwa linakoroma," alisema kwa sauti ndogo. "Ila hapa kwangu."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu nilimpa na ufunguo wa nguo yenyewe. Ameninunulia maua, ameniombea kanisani, na wakati huohuo ameshanizika na kujigawia mali.

"Nitairudisha," alisema. "Jumamosi. Naapa."

"Washa gari. Nipe taa."

Injini yangu ililia vizuri, na kwa dakika moja nilikaribia kumsamehe. Nikachungulia kitunduni. Nyeupe, nyeupe, nyeupe, chuma kitupu.

"Nyekundu iko wapi?"

"Niliifuta kwa tina, ile ya kuyeyusha rangi. Majaji wa maonyesho, Verlon. Kiwandani hawakutia rangi ya kucha."

"Hakuna jaji aliyewahi kuchungulia humu."

Alikikunja tena kile kitambaa.

"Wewe ndiye uliyeshika tochi, Lyle!"

"Ndiyo maana," akasema. "Kila nikimulika, nilikuwa namwona."

Basi alijua amekosa. Mtu anayedhani amefanya la haki haoni haya mbele ya tone la rangi ya kucha.

Jumamosi alikuja na gari lake na winchi ya kuinulia injini, akabadilisha injini zote mbili peke yake, siku mbili. Mimi nilikaa kwenye kiti nikimtazama, sikumpa hata spana. Alipomaliza nilinyoosha mkono, akaniwekea ufunguo wangu. Wake niliutoa kwenye msumari wa kalenda nikamkabidhi.

Jumapili iliyofuata nilitoa kichupa cha Ardith kwenye droo ya bafuni, nikakifungua kwa koleo kwa sababu kifuniko kilikuwa kimeganda. Ndani rangi ilikuwa imekauka, imekuwa ganda gumu kwenye kitako chake. Nikatia tina kidogo, nikatikisa. Haikuyeyuka.

Saa nane simu ikalia. Koleo lilikuwa bado mkononi. Niliiacha ilie mpaka ikachoka.