Barua Arobaini na Neno Dogo

Bahasha ilikuwa imeshafunguliwa mkwe wangu alipoipandisha ngazi hadi ofisini kwangu. Ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya duka la betri za magari, na kila anayepanda hufika akihema. Yeye alifika kimya kabisa, kama mtu aliyesahau kupumua. Aliiweka mezani, kando ya mhuri wangu.

"Nisomee, mama. Nimeona tu haina rangi nzuri."

"Barua hazina rangi."

"Hii inayo."

Mkwe wangu ni mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache, na Kiingereza chake kinaishia kwenye saizi za mashati. Ndiyo maana miezi mitano iliyopita aliniletea barua arobaini, zake na za mumewe, ambaye ni mwanangu wa pekee. Zilitakiwa zitafsiriwe na kupelekwa ubalozini, ziwe ushahidi kwamba ndoa yao ni ndoa kweli, ili yeye na mtoto waruhusiwe kumfuata. Mwanangu yuko ng'ambo mwaka wa nne sasa, anapanga masanduku kwenye ghala lenye baridi. Aliondoka binti yao ana miaka miwili. Leo ana sita, tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni, na analala kitandani kwangu, miguu yake mbavuni mwangu.

Nilivaa miwani nikasoma. Ombi limekataliwa. Nilimwambia hivyo hivyo, maana neno hilo halipakiki sukari. Halafu nikamsomea sababu. Afisa alisema picha za harusi ameziona, cheti amekiona, lakini barua zinamtia shaka. Mke hakuandika hata mara moja kwamba anampenda mumewe. Ameandika kwamba amemzoea, kwamba anamthamini, kwamba yeye ni "fond" kwake. Mume naye anaandika kama jirani mwema. "Hizi ni barua za watu wanaoheshimiana," alimalizia, "si za watu waliooana." Rufaa ndani ya siku ishirini na nane. Barua yenyewe ilikuwa imezurura posta siku ishirini na nne. Rufaa ikishindwa, hawaruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitano.

Mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Mimi sikuandika kwamba nampenda?"

"Uliandika."

"Wapi?"

"Kila barua."

"Sasa huyu mtu alisoma nini?"

Nilimwambia maneno huwa yanapotea njiani. Nilimwambia lugha ya watu ni ya watu. Nilijitia hamnazo, na yeye akaniamini, akalaza kichwa juu ya meza yangu na kulia bila sauti. Nilimletea maji. Alikunywa, akanishukuru.

Niseme sasa nilichofanya, maana kukizungukazunguka hakukipunguzi uzito.

Kiswahili kina moyo mpana. Tunapenda chai, tunapenda mtoto, tunapenda mume, kitenzi ni hicho kimoja, na anayekusikiliza anajua kipimo kwa kukutazama usoni. Kiingereza ni bahili, kinataka upime kwanza ndipo utoe. "Like" ni ya viatu, ya chai, ya mwalimu asiyechapa. "Fond" ni ya paka mzee au mpangaji aliyekaa sana, ni upendo wenye mkono mfukoni. "Care" hata muuguzi wa zamu anayo. "Dear" unaweza kumwita mtu wa moyoni mwako, lakini ndivyo pia benki inavyomwanzia mtu kabla ya kumnyang'anya nyumba. "Love" peke yake ndiyo inayofungua mlango wote. Nimewafundisha vijana wengi kazi hii, na wote nimewapa kanuni moja: mashaka yakija, shika neno dogo. Neno kubwa likizidi, ni wewe utakayeitwa kulieleza.

Lakini mimi sikuwa na mashaka. Mkwe wangu aliandika, "Nakupenda mpaka jana nimeshona shati lina mikono yote upande mmoja." Hakuna mtafsiri asiyejua neno la hapo. Na kweli nililiandika, herufi nne, nikalitazama. Chiriku alikuwa chini ya meza, anahesabu vidole vya miguu yangu.

"Bibi, ndege ya kwenda kwa baba ina choo?"

"Inacho."

"Na kitanda chako kitaingia?"

"Hakitaingia."

Alinyamaza, yeye ambaye hanyamazi. Kisha akasema basi na yeye haendi.

Nililifuta neno lile nikaweka "fond". Nalo lina herufi nne, hata mstari haukusogea. Nikahamia barua ya pili. Mwanangu alikuwa ameandika "kipenzi cha roho yangu", nikaweka "dear". Nilikwenda hivyo barua arobaini, siku tisa. Nilitaka mtoto abaki. Nilikuwa nimeshampeleka mmoja uwanja wa ndege na kurudi peke yangu, sikuwa na nguvu za kurudi hivyo mara ya pili. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa kwangu ana pengo la meno mawili.

Kwa kuwa mtafsiri haruhusiwi kugusa hati za jamaa yake, kazi ilitoka kwa jina la Mzee Koma, mtafsiri mwenzangu mwenye ofisi mwisho wa ukumbi. Tunamwita hivyo kwa sababu anaweza kugombana na mtu asubuhi nzima kwa ajili ya koma moja. Kwa hati za familia zetu tumezoea kusaidiana, mmoja anafanya kazi, mwingine anatia mhuri. Hakusoma hata ukurasa mmoja. Aliniamini miaka ishirini na mbili.

Kesho yake asubuhi nilimpigia wakili wa mambo ya uhamiaji. Nilimwambia nitatoa tafsiri mpya, nzuri zaidi.

"Mama, tafsiri mpya peke yake itawamaliza," alisema. "Watasema maneno yamenenepa baada ya kukataliwa. Aliyetafsiri mara ya kwanza lazima aape kwa maandishi, aeleze ilikuwaje."

"Akisema alikosea?"

"Alikosea vipi? Neno aliloweka liko kwenye kamusi. Mara moja unakosea. Mara arobaini?"

Nikaugeuza mhuri wangu, uso ukaelekea meza.

"Labda kama alifanya makusudi," akasema, na nilisikia anacheka kidogo. "Lakini nani ataapa hivyo?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata. Chini walikuwa wanashusha betri, na kila ikigonga sakafu nilishtuka kama mwizi. Nilitafuta njia ya tatu. Nilitafuta kweli, kama mtu anayepapasa mifuko ya nguo zote alizonazo huku akijua ufunguo ameuacha ndani. Siku tatu zimebaki. Miaka mitano, Chiriku atakuwa na kumi na moja, na baba yake atakuwa mtu wa kwenye simu. Hilo nililijua hata wakati ule nafuta. Nililijua na nikafuta.

Nikaenda kwa Mzee Koma. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana kiti sikustahili. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hiyo mimi nilitia mhuri kwenye nini?"

"Kwenye uongo wangu."

"Sema tulichoka. Sema ilikuwa kazi ya haraka. Sema lolote, dada. Ukitamka makusudi, mihuri yote miwili inakwenda, na mimi mke wangu hainuki kitandani, unajua."

"Hawataamini."

"Basi wakatae. Si ndivyo ulivyotaka?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayesahihisha sentensi, na hapo nikavunjika. Mimi ni mtu wa kiburi, sijawahi kumwomba mtu kitu mara mbili. Nilimshika mkono nikamwomba aniache niseme kweli, nikamwomba mara ya tatu, ya nne, huku natokwa na machozi na kamasi.

"Mtoto ataondoka," alisema. "Mhuri utaondoka. Wewe utabaki na nini?"

"Sijui."

Alivuta mkono wake. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema, "Andika kwamba sikusoma. Hiyo angalau ni kweli, na inaniaibisha vya kutosha."

Nilirudi kuandika. Ukurasa wa kwanza ulijaa "huenda" na "yawezekana". Niliuchana. Wa pili ulianza na upweke wangu, mume aliyekufa, mtoto aliyeondoka, nao nikauchana, maana afisa hakuuliza habari za upweke wangu. Wa nne ndio uliosimama, mistari minane. Kisha nikazirudia barua zote arobaini. Kila neno kubwa nililirudisha lilikotoka, na ndipo nilipozisoma kwa mara ya kwanza kama barua. Mwanangu anamwambia mkewe amenunua koti dogo jekundu la Chiriku kwa kukisia, akitumai halijawa fupi. Mara ya kwanza nililipita koti hilo kama nukta.

Kulikuwa na jambo moja limebaki. Wakili alisema mwombaji lazima atie saini chini ya kiapo, athibitishe kwamba amesomewa kwa lugha yake na ameelewa. Nilimwuliza kama naweza kumwambia tu kwa kifupi. Akasema hapana.

Asubuhi ya siku ya mwisho nilimkuta kwenye cherehani, chumbani kwake, mashati ya bluu yamerundikana mpaka magotini. Chiriku alikuwa sakafuni anapanga vifungo. Nilitaka kumtoa nje mtoto, nikaona huo nao utakuwa ujanja. Nikasoma.

"Mimi ni mama mzazi wa mume, na ni mimi niliyetafsiri barua hizi. Mwenzangu alitia mhuri bila kuzisoma. Kila mahali mke alipoandika kwamba anampenda mumewe, nilijua neno sahihi. Niliweka dogo kwa makusudi ili ombi likataliwe, kwa sababu sikutaka kutengana na mjukuu wangu."

Cherehani ilikuwa imeshasimama. Niliendelea mpaka mwisho, mpaka tarehe. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na yangenisaidia.

"Siku ile nililia mezani kwako," alisema.

"Ndiyo."

"Ukaniletea maji."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mimi nikakushukuru."

Alinyoosha mkono nikampa kalamu. Alitia saini kila ukurasa, polepole, kwa mwandiko wake wa shule. Akazipanga karatasi zote, zangu na za barua, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga. Nilimwambia nitampeleka, ofisi inafunga saa sita. Akasema atajipeleka. Kisha akachukua begi la Chiriku, akaanza kukunja magauni yake moja moja.

"Rufaa bado," nilisema. "Hawajajibu. Mnakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Wakikubali, wakikataa, hatulali hapa tena."

"Bibi anakuja?" Chiriku akauliza.

"Hapana. Okota vifungo."

Mtoto aliokota vifungo. Nilipiga magoti nimsaidie, mama yake akasema, "Ataokota mwenyewe," nikasimama. Alimvisha viatu. Nilitazama vidole vile vikiingia kimoja kimoja, na nikaona maji yamezidi unga, hakuna tena cha kukanda. Walipofika mlangoni nikasema kile ambacho nilikuwa sijawahi kumwambia tangu aolewe, maana kwetu mkwe haambiwi, anatunzwa tu.

"Mwanangu, nakupenda. Wewe na huyu mtoto. Nawapenda."

Aligeuka. Uso wake ulikuwa umechoka, haukuwa na hasira.

"Kwa neno lipi, mama? Unayo mengi."

"Lile kubwa."

"Lile ulilolifuta," akasema, akamshika mtoto mkono. Mlango aliufunga taratibu, kama anavyoufunga siku zote. Nilisikia Chiriku anauliza kitu huko nje, na sikusikia alijibiwa nini.