Ganga Kwanza, Ndipo Ukate

Kutu ina vumbi lake, baba. Si vumbi la barabarani, linalopeperuka na kwenda zake. Hili linaelea kwenye mwanga wa dirisha la gereji, jekundu, halina haraka, na likitua linatua kifuani. Asubuhi nilipoibandua dashibodi ya gari lako kwa tindo liliniingia puani, likaniingia kooni, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na sikujisumbua kuyafuta.

Ninakusimulia wewe, ingawa umekaa hatua chache tu kutoka hapa, kwenye benchi la wateja, kofia mapajani, ukimngoja mtu ambaye huwezi kumtaja. Ninakusimulia moyoni. Nikikusimulia kwa sauti utanisikiliza kwa adabu zote, kama unavyomsikiliza mgeni, na adabu hiyo ndiyo nisiyoiweza.

Gari hili ulilinunua kabla sijazaliwa. Dashibodi yake ni chuma kitupu, bati zito lililopindwa kutoka mlango hadi mlango, enzi ambazo plastiki ilikuwa ya ndoo na mabeseni. Umelinyoosha gari hili, umelipaka rangi, umelisemesha, umeligombeza. Na ugonjwa ulipoanza kukuchota, kidogo leo, kidogo kesho, ukasahau njia, ukasahau kama umekula, ukasahau kazi uliyonifundisha wewe mwenyewe, palibaki mahali pamoja. Ukiketi nyuma ya usukani, ukiweka kiganja juu ya lile bati, ulirudi. Uliniita kwa jina langu. Ulinikaripia kwa kuacha spana chini. Nilikuwa nikikuketisha humo kila jioni, nami kando yako, tusiende popote.

Kisha maji ya mvua, yaliyokuwa yakipenya kwenye mpira wa kioo cha mbele, yakamaliza kazi yao. Bati likaoza kwa ndani. Siku moja kiganja chako kilipotua, likavunjika, likakuchana. Damu ikatiririka hadi kwenye kiwiko, ukalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako. Tangu siku hiyo gari umeligomea. Tangu siku hiyo jina langu halijapita kinywani mwako.

Ndiyo maana ninatia dashibodi nyingine. Sitaki makubwa. Nataka nikuketishe tena, uweke kiganja, uniite.

Fundi jirani, tunayemwita Kesho kwa kuwa hana jibu jingine kwa mteja, ndiye aliyenisaidia kuipata. Tuliitoa kwenye gari lililokufa huko kwenye vyuma chakavu, akaibeba begani akilalamika njia nzima.

"Dada, si uweke tu bati jepesi, upake rangi, yaishe?" akasema. "Mzee mwenyewe hata leo ni siku gani hajui."

"Gari linajua," nikamjibu.

"Ati gari linajua!" Akacheka, akanitazama, akaacha kucheka. "Haya basi. Nishike wapi?"

Ganga kwanza, ndipo ukate. Hilo lilikuwa somo lako la mwanzo, kabla hata hujaniruhusu kushika nyundo. Dashibodi si pambo, ulisema. Ndiyo inayoishika nguzo ya mlango huu na nguzo ya mlango ule zisiachane. Ukiikata kabla hujachomelea gango, chuma cha kuzishikilia nguzo hizo, bodi inafunguka. Inafunguka kidogo tu, unene wa ukucha, na kwa macho huoni kitu. Utakuja kuona ukifunga mlango, na mlango hautafunga.

Kwa hiyo niliganga. Nilitoa viti, nikatoa usukani, nikang'oa kioo. Nyaya nilizifunga vitambaa vya rangi nisije nikachanganya taa na honi. Nikachomelea bomba la chuma kutoka nguzo hadi nguzo, na tindo haikugusa kitu mpaka bomba lilipokaza.

Ganga. Neno moja, baba, kazi mbili. Fundi anaganga chuma kisiachane, mganga anaganga mtu asiende. Ulipenda kuwachekesha wateja kwa neno hilo. "Mimi ni mganga wa mabati," ulikuwa ukisema, "na ramli yangu ni nyundo." Walicheka hata wale waliokwisha kuusikia utani huo mara nyingi.

Lakini wewe ulikatwa kwetu bila gango. Hakuna aliyetuambia tujishikilie kwanza. Ulichomolewa katikati yetu kidogo kidogo, nyumba ikafunguka unene wa ukucha, na sasa kila kitu kinakwaruza. Kaka anapiga simu, akisikia sauti yako anasingizia mtandao. Mama unamwita dada. Unamwamkia kila asubuhi, unamshukuru kwa chai. "Afadhali," aliniambia juzi akikung'uta shuka lako, "miaka yote ile hakuwahi kunishukuru kwa chai." Akacheka peke yake, akaendelea kukung'uta shuka lililokwisha kung'utika. Nilikwenda bafuni nikafungulia maji, asinisikie.

Yaliyopita si ndwele, wanasema, tugange yajayo. Waliosema hivyo hawakukuona wewe. Kwako yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na yajayo sijui nitayachomelea wapi. Nimechoka na methali, baba. Nimechoka kuambiwa nishukuru kwamba bado unapumua.

Ganga kwanza, ndipo ukate. Niliganga, nikakata, tukaiingiza ile nyingine, Kesho upande wake, mimi wangu, pembe moja ikitangulia. Ilikataa. Tukaitoa, nikapiga tupa, tukairudisha, ikakataa tena, Kesho akaitukania ukoo mzima. Mara ya mwisho iliingia yenyewe, taratibu, ikatulia. Nikaibana. Nikafunga mlango wa kushoto, ukafunga. Nikafunga wa kulia, ukafunga. Kisha nikachomelea nukta hapa, nukta kule, nikingoja chuma kipoe, maana bati likipata moto mahali pamoja linajikunja na halinyooki tena.

Chini, ambako hakuna mteja anayechungulia, nikatia magango mawili ya kudumu. Moja linashuka hadi kwenye ukuta wa injini, jingine linaishika shafti ya usukani. Nikalikata lile bomba la muda. Nikapiga dashibodi ngumi. Haikutetemeka.

Hapo ndipo hofu iliponishika. Kwenye ile ya zamani, karibu na geji ya mafuta, palikuwa na mahali pasipo rangi, palipolika kwa kidole chako gumba. Ulikuwa ukipasugua ukingoja taa ziruhusu, ukimngoja mama atoke dukani, ukiningoja mimi nje ya shule. Alama hiyo haichomelewi. Nimetoa kutu, sijui nimetoa na nini kingine.

"Rangi kesho," akasema Kesho, akaondoka zake.

Sikungoja rangi. Nilirudisha viti, nikarudisha usukani, nikakujia pale kwenye benchi.

"Twende tukakae kwenye gari, baba."

Ukasimama, ukavaa kofia, ukanifuata. Ukaingia, ukaketi. Mikono yako ilibaki mapajani, mmoja ukiwa na kovu. Nikaketi kando yako. Nilitamani kuuchukua mkono wako niuweke mwenyewe, na nilijizuia.

Kisha mkono wenye kovu ukanyanyuka wenyewe. Ukatua juu ya bati, ukateleza hadi pembeni, ukashuka chini, ukaingia kulekule nilikodhani hakuna atakayechungulia. Vidole vikalipata gango la kwanza, vikaufuata mshono wake kutoka juu hadi chini. Vikalipata la pili. Ukagonga. Ukainamisha kichwa, ukasikiliza.

"Hapa pamegangwa," ukasema. Sauti ilikuwa yako, ile ya gereji, ya kabla ya haya yote. "Pamegangwa kweli. Nani kafanya?"

"Mimi, baba."

Baba. Kila mtu anakuita hivyo, baba. Nesi anakuita hivyo, muuza vocha, Kesho, mpita njia anayekusaidia kuvuka barabara. Nililitia neno hilo kila nilichokuwa nacho, na lilipotoka halikuwa na mlio tofauti na wa nesi.

Ukageuka. Ukanitazama uso, ukashusha macho ukaitazama mikono yangu, masizi kwenye kucha, alama za moto kwenye vidole. Ulitazama kwa muda mrefu.

"Ahsante sana, mwanangu."

Hivyo ndivyo ulivyosema siku zote nilipofanya kitu sawasawa. Hivyo ndivyo unavyomwambia pia anayekuletea dawa, na anayekufungulia geti. Nikangoja neno litakalofuata, lolote lile, jina langu, au nusu yake tu.

Ukanipigapiga begani, kwa upole.

"Basi, acha kazi sasa," ukasema. "Jua linazama. Nenda kwenu, mwanangu, baba yako atakuwa anakungoja."

"Naam, baba," nikakuitikia, na nikabaki nimekaa.