Mke wa Mkulima wa Vitunguu Saumu

Mallye alifika ofisi ya tarafa, mashambani Korea Kusini, asubuhi, tope la shamba kwenye viatu, kuulizia msaada wa korona kwa wakulima. Karani, binti mpole aitwaye Hyobin, alimpa kiti, akatazama kompyuta.

"Mama, msaada wa nyumba yenu umeshatoka. Won laki tatu, kwa mkulima Deoksu."

"Huyo mume wangu. Mimi naulizia wangu."

"Wewe huna, mama. Hapa umeandikwa mke wa mkulima."

"Na vitunguu saumu vimepandwa na nani?"

Hyobin akatazama tena, asije akakosea. "Na mkulima."

Mallye akashukuru, akarudi shambani. Mavuno yalikuwa yameanza, na mvua kubwa za majira ya joto zilikuwa njiani. Kitunguu saumu kikikutwa na mvua ardhini huoza. Aliinama akavuta shina. Halikutoka. Akapiga jembe, udongo haukufunguka. Akageuka nyuma, akaona viatu vyake havikuacha alama kwenye tope.

"Baba Miok," alimwita mumewe, aliyekuwa amekaa juu ya trekta, "ardhi imepata taarifa ya ofisini. Mimi si mkulima."

Deoksu akashuka, akavuta shina lile lile kwa vidole viwili. Likatoka.

"Kweli," alisema. "Basi nichemshie chai."

"Chai ipo. Kunywa upesi, una shamba zima la kung'oa."

Kufikia mchana, wake wote wa wakulima kijijini walikuwa katika hali hiyo. Wajane, walioandikishwa kwa majina yao wenyewe, waliendelea kung'oa kama kawaida. Ukumbi wa kijiji ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo wake walikaa bandani, barakoa zimeshushwa kidevuni, wakala tikiti maji. Jirani yake Mallye, Pilsun, baada ya miaka ya kuinama matutani, aligundua kwamba shingo yake inaweza kugeuka pande zote mbili.

"Mwone mume wangu," alisema Pilsun. "Anatambaa!"

"Mwache, mwisho atasimama," alisema Mallye. "Wote huanza hivyo."

Walicheka mpaka mbegu za tikiti zikawapalia. Lakini macho ya Mallye hayakutoka shambani. Vitunguu vile alivipanda yeye, kimoja kimoja, amechuchumaa, na mawingu yalikuwa yameshashika mlima. Akaweka tikiti chini, akaenda kusimama kando ya tuta.

"Usivute kama unang'oa jino! Shika chini!"

"Nimeshika chini!"

"Hapo ni katikati, Baba Miok. Shika chini, tikisa, ndiyo uvute. Haya, tuta linalofuata. Usikae!"

Wenzake nao wakaenda kusimama kwenye mashamba yao, na bonde zima likawa kelele. Gunia la mwisho liliingia ghalani matone ya kwanza yakidondoka. Hakikuoza hata kimoja.

Msaada wa pili ulipotangazwa, Mallye alimsindikiza mumewe ofisini, kwa sababu vidole vya Deoksu vilikuwa vimevimba na havikuweza kushika kalamu. Mallye akaomba amsainie. Kalamu haikutoa wino. Hyobin akampa nyingine; nayo vilevile, ingawa Hyobin alipoijaribu iliandika.

"Kalamu ni nzima, mama," alisema mwishowe.

"Najua, mwanangu."

Akaibana kalamu kwenye vidole vya mumewe, akamshika kifundo cha mkono, akauendesha. Saini ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kuweka Deoksu. Hyobin akagonga muhuri, akasimama kumpongeza mkulima kwa mavuno, na mkulima akainama kushukuru, taratibu, kwa sababu ya mgongo uliomuuma.