Kijiti Kimoja cha Mayai

Taa ya buluu. Giza likianza kushuka Isan, kaskazini-mashariki ya Thailand, kila nyumba inawasha yake: bomba moja la taa limefungwa kwenye mwanzi, nyuma yake nailoni imetandazwa, chini yake beseni la maji. Ukiwa barabarani unaziona zimetapakaa kwenye mashamba ya mpunga, buluu hapa, buluu kule, kama mbingu imepasuka vipande na hakuna aliyejisumbua kuokota.

Na vitu vinakuja. Vinakuja vipepeo vya usiku, vinakuja nyenje, vinakuja vidudu visivyo na jina wala kazi. Halafu, pa, anakuja mkubwa wao. Maengda, kunguni wa maji, mrefu kama kidole cha kati, bapa kama jani lililokauka, mikono ya mbele imekunjwa kama ya bondia. Anagonga nailoni, anateleza, anadondoka kwenye beseni. Asubuhi anatwangwa na pilipili, analiwa na wali wa kunata. Dume ndiye mwenye harufu, harufu tamu kama ndizi iliyopitiliza, na sokoni watu wanageuza tumbo lake, wananusa, wanabishana. Kwa wengi hadithi yake inaishia kinuni.

Lakini kuna dume ambaye huwezi kumpata kwenye taa. Watega taa wote wanamjua, na hawamtaji sana kwa sababu hauziki. Dume mwenye mayai haendi kwenye taa. Iwashe usiku kucha, iwashe mpaka bomba liungue, yeye haji.

Mwaka huu taa ya Khamsaen ilikuwa imezimwa. Ilining'inia nyuma ya nyumba, juu ya tangi la duara la saruji, imefungwa na utando wa buibui, na majirani waliona. Khamsaen hakuwa anatega. Alikuwa anafuga.

Ndani ya tangi kulikuwa na maji ya mvua ya kwanza, magugu machache, viluwiluwi wa kuliwa na maengda, na vijiti vya mwanzi vimesimamishwa wima. Kwenye kijiti kimoja, juu kidogo ya maji, kulikuwa na mayai. Yamepangwa yakabanana, ya rangi ya udongo, yana michirizi, kama maharage madogo yaliyoshikana mikono. Jike alikuja mwenyewe, akayataga, akaruka, akaenda zake. Dume akabaki.

Mayai ya maengda hayataki kuzama, yakizama yanakufa. Hayataki kukauka pia, yakikauka yanakufa. Yanataka mtu. Basi jua likizama, dume anatoka majini, maji yamemshika mgongoni, anapanda kijiti, anayalalia mayai, maji yanachuruzika. Halafu anashuka kuchukua mengine. Anapanda, analowesha, anashuka. Hakuna anayemlipa, hakuna anayemtazama.

Isipokuwa Khamsaen. Alikuwa anakaa pale kwenye ndoo iliyogeuzwa, binti yake Fang kwenye paja, mtoto wa kuanza tu kuunga maneno, na wanatazama.

Mke wake, Phikul, alikuwa Rayong, mbali kusini, kiwandani, anaunga nyaya za magari akiwa amesimama. Alikuwa amemtafutia mumewe nafasi kwenye mstari uleule wa kazi. Gari la wakala lingepita kijijini Jumapili jioni kuchukua wapya. Mtoto angebaki kwa bibi. Ndivyo watu wanavyofanya huku, kila nyumba, wala hakuna anayelia: wazazi wanakwenda viwandani, watoto wanabaki na mabibi, pesa inakuja, simu inapigwa.

Khamsaen mwenyewe alilelewa hivyo. Baba yake alikuwa shati. Shati jipya lililokuja kila Aprili, mwaka mpya wa Kithai, watu wakimwagiana maji njiani. Lilinuka dizeli, lilicheka, lilimmwagia mtoto kata moja ya maji mgongoni, likaondoka. Kata moja kwa mwaka. Akakua hivyohivyo.

Ndiyo maana alisema kwenye simu, na Phikul akasikia vizuri: mayai haya yakianguliwa, nabaki na mtoto, nafuga. Yasipoanguliwa, napanda gari.

"Sawa," Phikul alisema. "Ila usije ukageuza maneno."

Mama mkwe, Buapha, alikuwa ameshalea watoto wa mabinti zake wote, mmoja baada ya mwingine, na magoti yamekwisha. Hakumkataza mkwe wake wala hakumsifu. Alikuwa anapita na kikapu cha wali, anatazama tangi, anasema kwamba yeye hajawahi kuona mwanamume wa kijiji hiki akikaa na kitu mpaka kiive, hata mtungi wa samaki wa kuoza wanaufungua kabla. Halafu anacheka peke yake, anaenda.

Mayai yakaanza kuvimba. Yakang'aa. Ukisogeza uso unaona kama kuna kitu kinajigeuza ndani. Jumamosi hiyo, alasiri, jirani yao Bunlai, mwenye taa tatu na mdomo wa taa nne, akaegemea uzio.

"Baba Fang, naona unaatamia. Utaangua lini?"

Khamsaen akamwambia kesho, labda kesho kutwa.

"Halafu? Kijiti kimoja ni kitoweo, ndugu yangu, siyo kazi. Hao watoto wakitoka majini wanatafunana wenyewe kwa wenyewe, unabaki na wa kuhesabu kwa mkono. Unataka vijiti kumi. Unataka majike. Na taa unayo juu ya kichwa chako, umeigeuza nyumba ya buibui."

Maneno yalikuwa na akili. Hilo ndilo baya lake. Mtega taa yeyote angewaza hivyo: ukitaka maengda, washa. Wamezaliwa wakiona hivyo, babu amewasha, mjomba amewasha, taa inaleta, taa haijawahi kuharibu. Hakuna aliyewahi kukaa na dume wa kwenye kijiti akaona taa inamletea nini yeye.

Jua likazama. Khamsaen akafuta utando, akawasha.

Buluu ikamwagika juu ya tangi. Vipepeo wakaja, nyenje wakaja. Halafu, pa. Akateleza kwenye nailoni, akaanguka majini, mkubwa, mzito, mpana kuliko dume kwa nusu ya mwili. Jike. Akaelea kidogo, akatoa ule mkia wake mfupi wa kuvutia hewa, akapumua. Akazunguka. Akakuta kijiti.

Khamsaen akafurahi. Akambeba Fang, akamwinamisha aone.

"Tazama. Mama yao amerudi."

Jike akapanda. Dume alikuwa juu ya mayai, akainua mikono ya mbele, akajitandaza, akajifanya mpana. Jike akamsukuma kwa bega. Dume akarudi. Akamsukuma tena. Hakukuwa na kelele hata moja, na hilo ndilo lililomchanganya Khamsaen, alidhani ni mapenzi. Alisimama pale na mtoto mkononi akidhani ni mapenzi, mpaka jike aliposhusha mdomo wake kama sindano na kuanza kuchoma. Anachoma, anakwangua, anaangusha. Yai moja majini. Yai jingine majini. Tone, tone, tone, kama bomba lisilofungwa vizuri.

"Mama anakula," Fang alisema, kama mtu anayetaja mvua.

Khamsaen akamweka mtoto chini, akatumbukiza mkono. Jike akamchoma kwenye kidole gumba, na ule uchungu siyo wa kusimulia, ni moto unaopanda mpaka kwapani. Alikaa kwenye matope. Alipoinuka, kijiti kilikuwa kimebaki kijiti.

Jike hana chuki. Dume mwenye mayai hana nafasi kwa mayai ya jike mwingine. Mayai yakiondoka, nafasi ipo. Ni hivyo tu. Dume naye hakuomboleza. Kabla Khamsaen hajamaliza kufunga kidole kwa kitambaa, wale wawili walikuwa wameshikana palepale chini ya kijiti, maji yanatetemeka kwa duara ndogondogo, na taa ya buluu inawaka juu yao kama haijafanya kitu.

Akaizima. Akapanda ngazi, akaifungua, bomba na nyaya, akaviweka chini ya kitanda.

Asubuhi kulikuwa na mayai mapya. Kijiti kilekile, udongo uleule, michirizi ileile. Jike hayupo. Dume yupo. Siku hiyo nzima alikaa kwenye kivuli cha kijiti, na jua lilipoanza kuchoka akatoka majini, mgongo umelowa. Anapanda, analowesha, anashuka. Kama jana haikuwepo.

Mama mkwe alimkamulia ndimu kwenye kidole. Akatazama tangi, akatazama begi ambalo Phikul alisema lifungwe na bado halijafungwa, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Baba Fang, unakwenda au huendi? Kama unakwenda nimlaze mtoto kwangu mapema, asione gari."

Khamsaen mwenyewe hakuona gari la baba yake likiondoka, hata mwaka mmoja. Kila mara alikuwa amelazwa mapema. Alimwomba tu mama mkwe amwachie mtoto, na Buapha akamwachia, akaenda kukaa ngazini na kikapu chake mapajani.

Simu ikaita.

"Dereva amesema wako karibu," Phikul alisema. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma. "Yameanguliwa?"

Angeweza kudanganya. Rayong hakuna anayeona tangi.

"Yamekufa. Niliwasha taa, akaja jike, akayamaliza."

"Basi panda gari."

"Kuna mengine."

"Ulisema haya, hukusema mengine."

"Nilisema haya."

"Kwa hiyo umegeuza maneno."

"Nimegeuza."

Mashine zikanguruma. Mtu akamwita Phikul kwa namba yake, siyo kwa jina.

"Wewe unakaa na mtoto," alisema. "Sawa. Na mimi huku nakaa na nani?"

Simu ilikuwa imembana Khamsaen sikioni, jicho kwenye kijiti. Akamwambia arudi, na neno lenyewe lilitoka jembamba, kwa sababu wote wawili walijua mpunga haulipi na kijiti kimoja ni kitoweo. Phikul hakumtukana. Alikata simu.

Gari likaja. Likapiga honi mara moja, likageuza kwenye kona ya nyumba ya Bunlai, na taa zake mbili zikafagia kila kitu: uzio, begi tupu, magoti ya Buapha, tangi. Taa nyeupe, taa ya nguvu, vipepeo wote wa kijiji wakaikimbilia. Kwenye kijiti dume alikuwa katikati ya safari. Mwanga ulipompiga alisimama, akajitandaza. Mwanga ukamkaa mgongoni, maji yakang'aa. Honi ya pili. Khamsaen hakusogea. Yeye na dume, hakuna aliyesogea.

Taa zikapita. Dume akaendelea kupanda.

Fang alikuwa hajaoga. Khamsaen akambeba mpaka kwenye mtungi, akamvua, akachota kata, akammwagia mgongoni. Maji ya baridi, mtoto akapiga kelele, akacheka, akasema, "Tena." Akachota nyingine. Kidole kilikuwa kimevimba na kata ilikuwa inamteleza, lakini alichota.

Na dereva, akiwa barabarani, kiti kimoja nyuma yake kitupu, kama aligeuza kichwa aliona mashamba yanawaka jioni ile kama kawaida, buluu hapa, buluu kule, na katikati yake pengo la giza, dogo, la ukubwa wa nyumba moja.